Jinsi ya Kuendesha Redio ya Mtandaoni Nakuru Bila Kula Jasho la Msanii

Kufungua redio ya mtandaoni Nakuru siku hizi ni kazi ya wikendi moja. Unakodi chumba ghorofa ya tatu karibu na Kenyatta Avenue, unabandika magodoro ukutani kuzuia mwangwi, unanunua maikrofoni na kompyuta ya mtumba, unalipia seva, na ikifika Jumatatu asubuhi sauti yako inasikika Njoro, Molo, Gilgil, Naivasha na Minneapolis. Mnara kwenye ukingo wa Menengai huuhitaji. Kinachobaki ni kujaza saa 24 za siku, na hapo ndipo wengi hutia mkono kwenye mfuko wa mtu mwingine.

Mwongozo huu ni wa mwenye redio, dijei, mtangazaji na fundi wa mitambo anayetaka kituo kivume na bado aweze kukutana na mwanamuziki stendi ya matatu bila kugeuza uso. Ni wa redio ndogo iliyozaliwa jana, na ni wa vituo vya FM ambavyo vimeongeza kitufe cha "Sikiliza Hapa" kwenye tovuti na kudhani kwamba kitufe hicho hakina mwenyewe wa kulipwa.

Vifaa vinavyohitajika

Kompyuta moja yenye programu ya kupanga nyimbo. Leseni za muziki zinazotaja matangazo ya mtandaoni kwa jina. Faili la barua za ruhusa, la karatasi au la kompyuta. Orodha kamili ya kila wimbo uliochezwa. Na haya usoni, ya kutosha mwaka mzima. Hivyo vingine vinauzwa mjini. Haya itabidi uje nayo kutoka nyumbani.

Hatua ya kwanza: hesabu wenye wimbo

Chukua wimbo wowote wa Kikalenjin unaochezwa asubuhi na kusikika kutoka Rongai hadi Londiani. Kuna aliyetunga maneno na muziki. Kuna walioimba na kupiga magitaa. Kuna aliyegharamia rekodi. Hayo ni makundi matatu yenye haki tatu tofauti ndani ya dakika nne za sauti, hata kama wewe unaona faili moja tu kwenye kioo.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, iliyorekebishwa tena mwaka 2019 na 2022, inawatambua wote. Kifungu cha 30A kinasema rekodi ya kibiashara ikitangazwa hewani au kufikishwa kwa umma kwa njia nyingine, anayeitumia atawalipa mwimbaji na mtayarishaji malipo ya haki kupitia vyama vyao. Mtunzi ana haki yake kando. Kwa miaka mingi mgawanyo wa kazi umekuwa hivi: MCSK, iliyoanzishwa mwaka 1983, kwa watunzi na wachapishaji wa muziki, KAMP kwa watayarishaji wa rekodi, PRISK kwa waimbaji na wapiga ala.

Mtu mmoja anaweza kushika nafasi zote tatu. Kijana wa Bahati anayeandika, kuimba na kujirekodi chumbani kwake ni mtunzi, mwimbaji na mtayarishaji. Lakini kama midundo aliinunua kwa rafiki yake, tayari kuna mtu mwingine wa kuuliziwa. Uliza kabla ya kucheza.

Hatua ya pili: tupa visingizio kabla hujawasha mitambo

Kila studio ina visingizio vyake, na vyote vinafanana. Vipange mezani, kisha uvitupe kimoja kimoja.

"Tunamtangaza msanii bure." Mwenye duka la mahindi hakupi gunia bure kwa sababu majirani watakuona ukila. Msanii akitaka kutangazwa atakuja mwenyewe kuomba, na bei mtaelewana naye.

"Wimbo niliununua." Ulinunua haki ya kuusikiliza. Hata akaunti yako ya Spotify unayolipia kila mwezi ni ya masikio yako. Masharti yake hayakuruhusu kuirusha kwa umma.

"Tunacheza sekunde thelathini tu." Hakuna kifungu cha sheria ya Kenya kinachosema sekunde thelathini ni za bure. Sheria inaruhusu matumizi ya haki kwa mambo kama uhakiki na kuripoti habari, mradi umtaje mwenye kazi. Kuanzisha kipindi cha mapenzi cha usiku hakumo humo.

"Nyimbo za injili ni za Mungu." Mungu hakulipia studio. Kwaya ya parokia ilichanga, ikakodi gari hadi mjini, ikarekodi kutwa nzima. Redio ya dini au ya kijamii inaweza kupangiwa viwango nafuu, lakini nafuu hiyo huombwa na kuandikwa, mtu hajichukulii tu.

"Seva yetu iko Ujerumani." Wewe uko Section 58, wasikilizaji wako wako Lanet, na matangazo ya biashara unayauzia maduka ya Nakuru. Sheria itakufuata uliko.

"Kila mtu anafanya hivyo." Ndiyo maana wanamuziki wengi wa Bonde la Ufa wanaishi kwa kuimba kwenye harusi na mikutano ya siasa, na nyimbo zao ziko hewani mchana kutwa.

Hatua ya tatu: mjue unayemlipa

Hapa ndipo mwenye redio mwenye nia njema huchoka, na anastahili kuhurumiwa. Mwaka 2017 Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, iliinyima MCSK leseni na kukipa chama kingine, MPAKE. Mwaka 2019 MCSK ikarudi. Mwaka 2021 bodi ikavifutia leseni vyama vyote vitatu: MCSK, KAMP na PRISK. Mwaka 2024 MCSK ikakataliwa tena na chama kiitwacho PAVRISK kikapewa nafasi ya kuwakusanyia watunzi, mambo yakaishia mahakamani. Katikati ya mivutano hiyo, mwenye hoteli, mwenye matatu na mwenye redio wote wamekuwa wakiuliza swali moja: nimlipe nani?

Jibu ni la kuangalia upya kila Januari. Tazama tangazo la KECOBO la vyama vilivyo na leseni mwaka huo. Anayekuja mlangoni na kitambulisho kifuani mwombe nakala ya leseni ya chama chake na viwango vilivyochapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Lipa kwa njia inayoacha stakabadhi yenye jina la chama. Usihesabu noti kwenye ngazi za jengo. Chama kikiwa kortini, kiandikie barua kueleza kwamba uko tayari kulipa, tenga pesa hizo kwenye akaunti, na utunze nakala. Mvutano wa wakusanyaji haumfutii mtunzi haki yake, na haukupi wewe likizo.

Tena, leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano haihusu muziki. Ile inakuruhusu kutangaza. Ruhusa ya kucheza wimbo wa mtu hutoka kwa mwenye wimbo au chama chake.

Hatua ya nne: soma leseni mpaka mwisho

Vituo vya FM ndivyo hukwama hapa. Vimelipia matangazo ya hewani, vikaweka redio mtandaoni, na havikurudi kuuliza. Uliza. Kupeperusha kwa masafa ni jambo moja. Kurusha matangazo hayohayo kwenye tovuti ni jambo la pili. Kuhifadhi kipindi ili mtu akisikilize saa anayotaka ni jambo la tatu, kwa sababu sasa msikilizaji ndiye anayechagua wimbo na wakati. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliweka wazi haki ya mwenye kazi juu ya usambazaji wa namna hii. Leseni yako isipotaja mambo yote matatu, una leseni ya jambo moja.

Njia rahisi ya kuhifadhi vipindi ni kukata nyimbo na kubakiza mazungumzo. Kipindi cha wakulima wa viazi wa Molo hakipungukiwi na chochote muziki ukiondolewa, na mahojiano na gavana hayahitaji gitaa nyuma yake.

Kwa tangazo la biashara, au la mwanasiasa wakati wa kampeni, omba ruhusa ya pekee kwa maandishi. Leseni ya jumla ya kucheza muziki haikuruhusu kumfanya mwimbaji aonekane anauza mbolea au kumpigia debe mtu asiyemjua.

Na kama msanii wa hapa amekupa ruhusa moja kwa moja, muulize kama ni mwanachama wa chama chochote. Akiwa amekikabidhi chama haki zake, huenda hana uwezo wa kukupa ruhusa hiyo peke yake, hata akikusainia karatasi kwa furaha.

Hatua ya tano: safisha majina ya faili

Sasa tuingie kwenye kompyuta ya studio. Fungua folda ya muziki utazame. Utaona "Track 01". Utaona "Unknown Artist" mara mia. Utaona wimbo wenye jina la tovuti ulikopakuliwa, neno "official", neno "HD", na jina la dijei aliyeuchanganya, lakini jina la mwimbaji halimo. Utaona "kalenjin mix mpya final 3", ya dakika 58, yenye nyimbo ishirini za watu ishirini ndani ya faili moja.

Programu ya redio husoma majina hayo na kuyaandika kwenye kumbukumbu jinsi yalivyo. Mwisho wa mwezi "Track 01" ndiye msanii aliyechezwa kuliko wote katika Bonde la Ufa, na hana namba ya simu wala akaunti ya benki.

Tenga siku mbili. Kwa kila faili jaza jina la wimbo, mwimbaji, mtunzi, mtayarishaji na mwaka. Ongeza namba ya ISRC kama ipo. Ni alama ya herufi na tarakimu 12 inayotambulisha rekodi moja popote duniani. Usipomjua mtunzi, mpigie mwimbaji simu. Wanamuziki wa Nakuru hawajajificha. Namba zao ziko kwenye mabango ya harusi na kurasa zao za Facebook. Ile michanganyiko ya dakika 58 ivunje au ifute.

Hatua ya sita: tunza orodha, uipeleke

Hii ndiyo hatua iliyonifanya niandike mwongozo huu. Mwaka 2016 kundi la Elani lilijitokeza kulalamika kwamba nyimbo zao zilizovuma nchi nzima ziliwaletea shilingi 31,000 za mirabaha. Mwaka 2019 wasanii walitumiwa shilingi 2,530 kila mmoja, kiasi kilekile kwa aliyechezwa kila saa na kwa aliyechezwa mara moja Krismasi. Watu walikasirikia vyama, na walikuwa na haki ya kukasirika. KECOBO imeshikilia kwamba angalau asilimia 70 ya makusanyo iwafikie wenye haki. Lakini hata chama kiaminifu kuliko vyote hakiwezi kugawa kwa haki kisichojulikana. Redio ikilipa bila kusema imecheza nini, pesa zinaingia kwenye chungu kimoja na kugawanywa kwa kukisia. Leseni bila orodha ni bahasha yenye pesa isiyo na anwani.

Zamani redio ya FM ilikuwa na la kujitetea. Mtangazaji alibadilisha kanda kwa mkono, umeme ukapotea, daftari likalowa. Redio ya mtandaoni haina utetezi huo. Programu inaandika kila wimbo, saa, dakika na sekunde. Seva inahesabu masikio yaliyokuwepo wakati huo, na mji yalikotoka. Hesabu ambayo wanamuziki wa Kenya wameililia kwa miongo imeshafanywa na mashine iliyo mezani kwako, bila wewe kuiomba. Usipoipeleka umeamua kuificha.

Kwa hiyo, tarehe moja ya kila mwezi, toa kumbukumbu ya mwezi uliopita. Iwe na safu hizi: tarehe, saa, jina la wimbo, mwimbaji, mtunzi, mwenye rekodi, ISRC, muda uliochezwa, idadi ya wasikilizaji. Ipeleke kwa kila chama ulicholipa, uombe uthibitisho wa kupokea. Kisha ibandike kwenye tovuti yako mwenyewe, wazi, ili mwanamuziki wa Subukia aliyepewa hundi ndogo aweze kujihesabia na kwenda kwa chama chake akiwa na ushahidi mkononi.

Hatua ya saba: nyimbo za wazee nazo zina wenyewe

Redio za lugha za kienyeji hupenda muziki wa kale, na ni jambo jema. Ila usidhani cha kale hakina mwenyewe. Hakimiliki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Nyimbo za Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et bado zimo ndani ya muda huo, na warithi wana haki ya kulipwa.

Rekodi yenyewe hulindwa miaka 50 tangu ilipotengenezwa. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis kule Kapkatet wakiimba Chemirocha, wimbo ambao umezunguka dunia. Kwa sheria ya Kenya muda wa rekodi ile umekwisha zamani. Hata hivyo wimbo ni wa jamii, na tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni, inayotaka jamii iulizwe na inufaike pale sanaa yake inapotumiwa. Katika muongo uliopita maktaba ya ILAM ya Afrika Kusini, inayotunza kanda za Tracey, ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kuzirudisha nakala kwa jamii zilikotoka. Kama watu wa Afrika Kusini waliweza kusafiri hadi nyanda za chai kuwatafuta waimbaji na familia zao, wewe uliye mwendo wa matatu kutoka Kapkatet unaweza kuwataja hewani: nani waliimba, wapi, mwaka gani. Anza na hilo.

Hatua ya nane: jua masikio yako yako wapi

Redio za Kikalenjin kama Kass FM zilijulikana mapema kwa wasikilizaji wao wa ng'ambo. Redio yako nayo itawapata: wauguzi, wanafunzi, wanariadha na madereva wa malori wanaotaka kusikia habari za nyumbani. Wakaribishe, lakini ujue wamekaa kwenye nchi zenye sheria zao.

Marekani redio ya FM haimlipi mwimbaji wa rekodi hata senti, inamlipa mtunzi pekee. Redio ya mtandaoni ndiyo hulazimika kumlipa mwimbaji na mwenye rekodi, kupitia shirika la SoundExchange. Kiwango cha mwaka 2021 kwa redio ya kibiashara isiyotoza ada kilikuwa dola 0.0021 kwa kila wimbo kwa kila msikilizaji, na malipo ya mwaka yasiyopungua dola 1,000. Piga hesabu: wasikilizaji 100, nyimbo 12 kwa saa, ni dola 2.52 kila saa. Mwezi mzima bila kuzima ni zaidi ya dola 1,800.

Uingereza, kampuni za muziki za Warner na Sony ziliishtaki TuneIn, programu inayokusanya redio za dunia nzima. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2019, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo mwaka 2021, kwamba kumuunganisha msikilizaji wa Uingereza na redio za nje zisizo na leseni za huko kulivunja hakimiliki. Ndiyo sababu shangazi aliyeko London anaweza kutafuta redio ya nyumbani kwenye programu hiyo asiipate.

Una njia tatu. Lipia nchi zenye wasikilizaji wengi. Tumia kampuni ya seva ambayo ada yake inajumuisha leseni za nchi hizo, na usome ni nchi zipi. Au zuia muziki nje ya Kenya na uwape walio ng'ambo habari, mahojiano na salamu. Ya tatu haina gharama, na watu wengi walio mbali hufungua redio ya kwao ili wasikie mvua imenyesha wapi na nani amefariki.

Ukikwama

Facebook imezima sauti katikati ya kipindi chako cha moja kwa moja: mashine imeutambua wimbo, na leseni yako ya Kenya haiongozi mitambo ya kampuni ile. Elekeza kamera kwa mtangazaji, ondoa muziki kwenye matangazo ya video, uache nyimbo kwenye redio.

Umepokea notisi ya kuondoa kazi ya mtu: usiitupe. Sheria inampa mtoa huduma ya intaneti saa 48 kuifunga kazi inayolalamikiwa, isipokuwa apokee jibu la kupinga. Kama una ruhusa, faili lako la barua litakuokoa ndani ya muda huo. Kama huna, iondoe na uombe radhi kwa maandishi.

Mwanamuziki amekuja mlangoni akiuliza umemcheza mara ngapi: mpe kiti. Fungua kumbukumbu, tafuta jina lake, mchapishie ukurasa. Kama hajasajili kazi zake, mwonyeshe tovuti ya KECOBO ambako Sajili ya Kitaifa ya Haki inapokea usajili mtandaoni. Itakuchukua dakika kumi, naye ataondoka na kitu ambacho miaka ya kupiga simu Nairobi haijampa.

Mcheza kwao hutunzwa, na Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021. Jiji lenye redio nyingi namna hii lina uwezo wa kuwatunza wanaoziimbia. Tarehe moja ya mwezi ujao haiko mbali. Anza leo kusafisha majina ya faili, maana hiyo ndiyo kazi ndefu. Leseni utaijaza kwa saa moja.